Gemu ya Vikings Unaweza Kucheza na Vifuniko vya Soda: Hii Hapa Form Yote

Kama umewahi kukwama kwa steji ya boda huku Kericho saa nane mchana, hii story unaijua. Asubuhi jua kali, chai inang'aa kijani mpaka macho inauma. Halafu wingu moja linatokea, na kabla uvae koti, mvua imeshuka. Mara nyingine inakuja na barafu. Hakuna mteja, hakuna trip, kila mtu amejibana chini ya mabati.

Hapo ndipo ubao wa drafti unatolewa. Kipande cha plywood kimechorwa na makapeni, vifuniko 24 vya soda, 12 vinaangalia juu, 12 vimepinduliwa. Hiyo tu. Kuanzia Kapsoit mpaka Litein, ukivuka Sotik uende Bomet mjini, hiyo seti utaipata.

Sasa nikwambie kitu yenye ilinifanya nisilale siku hiyo nimeigundua: hiyo seti ya drafti, bila kununua kitu, inaweza kucheza gemu ya Vikings. Inabaki kuongeza kifuniko kimoja tu. Si ati inakaribia. Inatosha kabisa, kifuniko kwa kifuniko. Soma pole pole, nitakuonyesha.

Nilifikaje huku

Niliachia kolle mwaka wa pili. Karo. Mathe alikuwa anachuna chai kwa shamba moja kubwa, halafu mashine zikaletwa, na mashine moja inafanya kazi ya mkono wa watu wengi. Mathe akaambiwa arudi nyumbani. Mimi nikarudi nyuma yake. Wengi huku wanaijua hiyo route. Mei 2023 hasira ilifika mahali mashine za kuchuna chai zikachomwa hapa Kericho na maandamano yakaishia na kifo.

Kwa hivyo nikawa na muda mwingi na doh kidogo. Siku za mvua nilikuwa nachapwa drafti na mzee mmoja tunamuita Kugo, yaani babu. Nikaanza kutafuta kwa simu gemu yenye Kugo haijui, ndio na mimi nishinde hata mara moja. Nikapata hii.

Hii gemu ni gani?

Jina lake ni hnefatafl. Usivunje ulimi, sema tu "nefatafl". Tafl ni ubao. Watu wa Norway, Sweden, Denmark na Iceland walikuwa wanaicheza miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, kabla sataranji ifike kwao. Walipotembea na meli zao walitembea nayo. Mwaka wa 1932, huko Ballinderry, Ireland, ulichimbwa ubao wa mbao wenye mashimo 7 kwa 7, yaani 49, ya kudunga vipande vya gemu.

Na usidhani ilikuwa ya wanaume peke yao. Kuna kaburi maarufu huko Birka, Sweden, la mpiganaji aliyezikwa na upanga, mishale, farasi wawili na vipande vya gemu ya ubao. Lilichimbwa karne ya 19, na kwa miaka zaidi ya mia moja wataalamu walisema huyo ni mwanaume, si amezikwa na silaha? Mwaka wa 2017 wakatoa matokeo ya DNA ya mifupa. Kumbe ni mwanamke. Shika hiyo, tutairudia.

Sataranji ilipofika kaskazini mwa Ulaya, hnefatafl ikafifia. Sheria hazikuandikwa zote mahali pamoja. Msee aliyetuokoa ni Carl Linnaeus, yule Mswidi mwenye mfumo wake wa majina mawili ya kisayansi ndio tunatumia mpaka leo kwa kila mmea. Hata chai ya hapa: Camellia sinensis. Mwaka wa 1732, akiwa na miaka 25 tu, alisafiri Lapland kwa Wasami, akawakuta wakicheza toleo linaitwa tablut. Akachora ubao na kuandika sheria kwa daftari lake la safari. Hiyo tablut ndio tunacheza leo.

Hesabu yenye ilinimaliza

Tablut inachezwa kwa nafasi 9 kwa 9. Drafti yetu ni viboksi 8 kwa 8. Unaona shida? Hakuna shida. Usiweke kifuniko ndani ya kiboksi. Kiweke mahali mistari inakutana. Viboksi 8 vinatengenezwa na mistari 9, ukihesabu na ile ya pembeni. Kwa hivyo una makutano 9 kwa 9. Ubao uko tayari.

Vifuniko je? Tablut inataka wavamizi 16, walinzi 8 na mfalme 1. Kumi na sita jumlisha nane ni 24. Drafti ina 24! Unachukua vinne kati ya vile vimepinduliwa, unavigeuza viangalie juu. Sasa una 16 juu na 8 chini. Mfalme ni kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji. Kwisha.

Panga hivi

Mistari ya kusimama iite A mpaka I, kutoka kushoto. Ya kulala iite 1 mpaka 9, kutoka chini. Katikati kabisa ni E5.

1. Mfalme anakaa E5. Hapo ndio kwa kiti chake.
2. Walinzi wanamzunguka kama msalaba, wawili kila upande. Juu: E6 na E7. Chini: E4 na E3. Kushoto: D5 na C5. Kulia: F5 na G5.
3. Wavamizi wanakaa pembeni, wanne kila upande. Chini: D1, E1, F1, na mmoja mbele yao E2. Juu: D9, E9, F9 na E8. Kushoto: A4, A5, A6 na B5. Kulia: I4, I5, I6 na H5.

Kuhakikisha umepanga poa, cheki mstari wa E na mstari wa 5. Kila mmoja unafaa kuwa umejaa vifuniko tisa, bila pengo.

Ukiangalia huo ubao utaona kitu. Drafti mnaanza 12 kwa 12. Sataranji 16 kwa 16. Mpira 11 kwa 11. Hapa upande mmoja una mara mbili ya mwingine, na huyo mdogo amezungukwa pande zote kabla hata mtu asonge. Na pande hizi mbili hazitafuti kitu kimoja. Wavamizi wanataka kumshika mfalme. Mfalme hataki kumaliza mtu. Anataka kutoka tu. Akigusa ukingo wa ubao, popote pale, ameshinda.

Sheria, bila mbwembwe

Kusonga: kila kifuniko, hata mfalme, kinatembea kwa mstari ulionyooka, juu, chini, kushoto au kulia, umbali wowote, mradi njia ni wazi. Ni kama ngome ya sataranji. Hakuna kuenda mshazari. Hapa ndio wasee wa drafti wanachoma sana, mkono umezoea kuenda kando. Na hakuna kuruka mtu.

Kula: humrukii adui. Unambana. Ukiweka vifuniko vyako viwili pande mbili zake kwa mstari mmoja, kushoto na kulia au juu na chini, ameenda. Mtoe. Lakini lazima wewe ndio umesonga ukambana. Yeye akijiingiza mwenyewe katikati ya vifuniko vyako viwili, yuko salama. Na kula si lazima kama drafti. Ukiona mtego, uache.

Kiti cha mfalme: pale E5 hakuna mwingine anaruhusiwa kukaa. Kwa steji yetu tumekubaliana pia hakuna kupita juu yake, na mfalme akishatoka harudi.

Kumshika mfalme: hapa soma mara mbili.
- Akiwa bado kwa kiti, lazima wavamizi wanne wamzunguke pande zote nne.
- Akiwa hatua moja kutoka kwa kiti, wavamizi watatu wanatosha, kiti chenyewe ndio upande wa nne.
- Akiwa mbali zaidi, anabanwa na wawili tu, kama mtu wa kawaida.

Hiyo ya mwisho ina story. Safari ya Linnaeus ilitolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1811, na tafsiri ikakosea hapo, ikaonekana ni kama mfalme lazima azungukwe pande nne popote alipo. Watu wakaendelea kurithi hilo kosa. Wakicheza hivyo mfalme anashinda ovyo, wanasema gemu ni mbovu. Gemu haikuwa mbovu. Ni sentensi moja ilisomwa vibaya. Kwa hivyo ukipata toleo mtandaoni lenye mfalme hashikiki, sasa unajua kwa nini.

Kuonya: Linnaeus aliandika maneno mawili ya Wasami. Mfalme akiwa na njia moja wazi ya kufika ukingoni, unasema "raichi", ni kama "cheki" ya sataranji. Akiwa na njia mbili, unasema "tuichu". Na ukisema tuichu, anza kukusanya vifuniko, kwa sababu mpinzani ana hatua moja tu na hawezi kuziba njia mbili.

Mfano: mfalme amefika C3. Kushoto kwake B3 na A3 ni wazi. Chini yake C2 na C1 ni wazi. Hiyo ni tuichu. Akizibwa kushoto, anashuka chini. Imeisha.

Nani anaanza? Sisi wavamizi ndio wanaanza.

Makosa matatu yenye nilifanya ndio wewe usifanye

*Kukimbilia kula.* Mara ya kwanza na Kugo nilichukua wavamizi. Nikajiona mjanja: nikapandisha D1 mpaka D3, nikijua hatua ijayo nitaleta F1 mpaka F3 nimbane mlinzi wa E3. Kugo hakusema kitu. Akashusha mlinzi wa C5 mpaka C3. Angalia hapo: D3 yangu iko katikati ya C3 na E3. Hatua yake ya kwanza kabisa kwa hii gemu, na amenila. Mtu wa miaka sabini na kitu, dakika kumi tangu nimfunze sheria. Kabla usonge, uliza: hapa nikitua, kuna mtu wao jirani, na kuna mwenzake anaweza kufika upande wa pili?

*Kumkaba mfalme karibu.* Ukiwa mvamizi, akili inakuambia mfuate, mzonge. Usimfuate. Ukimfuata unaacha mapengo nyuma yako, na mapengo ndio chakula yake. Jenga ua kwa mbali. Shika mistari mirefu yenye inaelekea ukingoni, acha azunguke ndani, halafu punguza nafasi pole pole. Kila hatua, hesabu: kuna njia ngapi wazi? Kama ni moja, ziba. Kama ni mbili, umechelewa.

*Kuonea huruma walinzi.* Ukiwa mfalme, walinzi wanane ni wachache na unataka kuwahifadhi wote. Lakini mlinzi mwenye amekaa karibu na mfalme bila kusonga ndiye anamfungia mlango. Watoe wafungue mistari. Wakati mwingine unampeana mmoja aliwe ndio yule mvamizi aliyemla aache nafasi yake wazi. Hii ni gemu ya nafasi kuliko idadi. Nimeshaona mfalme akitoka na walinzi wawili tu wamebaki.

Badilisheni upande, hii usiruke

Raundi moja haimalizi ubishi, kwa sababu pande si sawa. Chezeni mbili: wewe mvamizi, halafu wewe mfalme. Mkishinda kila mtu mara moja kwa upande ule ule, mwenye alishinda kwa hatua chache ndiye bingwa. Tafuta mtu wa kuhesabu, kwa steji hawakosi.

Na hapa ndipo hii gemu imenifunza kitu drafti haijawahi. Kwa drafti ukipigwa unasema mwenzako ni mkali. Hapa raundi ya kwanza unalia "lakini nyinyi ni wengi!" Halafu mnageuka, wewe ndio wengi, una vifuniko 16 mkononi, na bado yule mmoja anakuponyoka. Ndipo unajua wengi nao wako na shida zao: ua ni mrefu, kila pengo ni lako kulinda, na ukisahau moja tu imeisha. Halafu ukirudi kuwa mfalme unacheza tofauti, kwa sababu sasa unajua mwenye amekuzunguka anaogopa nini.

Sasa turudi kwa yule dada wa Birka

Mathe hajawahi kukanyaga steji kucheza drafti. Huku hiyo ni mahali pa wanaume, hakuna sheria imeandikwa lakini kila mtu anajua. Jumapili moja mvua ilitufungia nyumbani, nikaleta ubao mezani jikoni, nikamwambia story ya Birka. Akacheka. "Alizikwa na gemu? Mimi mtanizika na kikapu."

Nikampanga kama mfalme, nikidhani namhurumia. Nikajenga ua langu vizuri, nikamla walinzi watano. Nilikuwa nahesabu ushindi. Mathe alikuwa anasonga haraka, haangalii hata vile vifuniko vimekufa. Halafu akasukuma mfalme hatua moja, akasimama kwenda kuangalia chai kwa jiko.

"Sema lile neno," akaniambia akiwa huko.

Nikaangalia. Njia ya juu wazi. Njia ya kulia wazi.

"Tuichu," nikasema mimi mwenyewe.

Nikamuuliza aliiona saa ngapi. Akasema ukichuna chai miaka yote hiyo hutafuti jani, jani liko kila mahali. Unaangalia mbele safu itakutoa wapi, ndio usijikute katikati ya shamba na kikapu kimejaa na hakuna njia. "Wewe ulikuwa unahesabu wenye umeua," akasema. Akanimiminia chai.

Sitakudanganya ati gemu ya vifuniko italipa karo. Mimi bado niko nje ya kolle na yeye bado anafanya vibarua hapa na pale. Lakini siku hizi Jumapili jirani zake wawili, nao waliachishwa kazi kama yeye, wanakuja na vifuniko vyao kwa mfuko wa unga. Kugo amesikia. Ametuma salamu ati anataka mechi na huyo mama, lakini steji ndiyo imfuate jikoni.

Kwa hivyo leo mvua ikishuka, usitoe simu. Geuza vifuniko vinne, tafuta kifuniko cha maji, panga kwa mistari. Cheza pande zote mbili. Na ukimpata mtu anakuambia lazima mfalme azungukwe pande nne popote alipo, mwambie hiyo ni ya 1811, tulishasahihisha.